Tundu Lililopigwa Picha

Ipo nchi moja, msiniulize jina lake, maana sheria ya huko inamtaka kila anayelitaja asimame wima na kutabasamu, nami msimulizi nimeshakaa na miguu inaniuma. Ni nchi nzuri mno. Barabara zake hazina shimo, hospitali zake hazina foleni, na mkutano wa hadhara waliouhudhuria watu arobaini hutoka gazetini umejaa mpaka juu ya mapaa. Mwenye shaka akaangalie picha.

Uzuri huo wote ulitokana na programu moja ya kompyuta ya kurekebisha picha, jina lake Nakshi, aliyoizindua Mtukufu Rais mwenyewe kwa kukata utepe uliofungwa kwenye kipanya. Shimo la barabarani lilipigwa picha, likafukiwa kwa Nakshi, picha ikapelekwa kunakohusika, na mkandarasi akavishwa nishani. Hata ramani ya nchi ilipitishwa humo, ikatoka na ziwa jipya upande wa kaskazini. Wiki hiyo hiyo akateuliwa Mkuu wa Bandari.

Wizara iliyosimamia mambo hayo iliitwa Wizara ya Taswira Njema. Ghorofa ya tatu, karibu na ngazi, alikaa fundi mmoja wa picha, mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyeitwa Sikudhani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewapunguza wakubwa vitambi, amewaotesha nywele, amewafukuzia nzi mabegani. Kazi hiyo hakuipenda wala hakuichukia. Aliihitaji. Mumewe, Mbaruku, alikuwa mwalimu wa jiografia mpaka siku alipowauliza wanafunzi wake maji ya lile ziwa jipya yanatoka mto gani. Kesho yake alistaafishwa kwa heshima zote. Mwaka uliofuata figo zake nazo zikastaafu. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda Hospitali Kuu kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na aliunganishwa kwa sababu mkewe alikuwa mtumishi wa wizara.

Jambo jingine la kufahamu ni Daftari la Sura. Humo zilihifadhiwa picha za raia wote, na sheria ilisema kwa ufupi: raia ni yule anayefanana na picha yake. Ukienda shuleni, hospitalini, hata ukienda kuomba kibali cha kuzika, karani anakutazama wewe, anatazama kioo cha kompyuta, kisha anaamua kama upo. Waziri wa Taswira Njema, Mheshimiwa Pazia, alilipitia Daftari hilo siku moja akakasirika sana, kwa kuwa wananchi walionekana wamenuna. Akaagiza Nakshi ikabidhiwe ufunguo wa Daftari ili inyanyue pembe za midomo ya kila raia. Ikakabidhiwa, na ufunguo haukurudishwa tena.

*

Jumatatu moja asubuhi iliingia ofisini picha ya nanasi. Barua iliyokuja nayo ilisema imetoka Chama cha Wakulima wa Nanasi, na wakulima walikuwa wakiomba tunda lao liongezwe majani mawili na umande kidogo kwa ajili ya maonyesho. Sikudhani aliifungua kwa Nakshi kama alivyofungua picha nyingine elfu na elfu.

Mashine ikakwama. Kisha feni yake ikaanza kuhema, na taa ndogo ya Daftari, ambayo kwa kawaida huwaka mara moja moja, ikawaka bila kuzima. Sikudhani aliijua mashine yake kama mtu anavyomjua mbuzi wake. Alifungua Daftari. Kata ya Mikoroshini, raia wa kwanza: jina ni lake, tarehe ya kuzaliwa ni yake, sura ni nanasi. Raia wa pili, nanasi. Wa tatu, mtoto wa miezi minne, nanasi. Na kila nanasi lilikuwa limenyanyuliwa pembe kidogo, kwa mujibu wa agizo la Waziri.

Akachomoa waya ukutani kwa mikono miwili. Raia mia nne na kumi na wawili walikuwa wamekwisha kupoteza nyuso zao.

Mpaka saa sita mchana alikuwa hajanyanyuka, akiipekua ile picha mstari kwa mstari, na ndipo akagundua kilichotokea. Kosa lenyewe lilikuwa rahisi mno. Kila picha hujitambulisha inapofunguliwa: nina upana huu, nina urefu huu. Nakshi ilikuwa ikiamini jibu lolote. Ilikuwa kama mwenye nyumba anayemuuliza mgeni, "Mko wangapi?" mgeni anajibu, "Niko peke yangu," anatengewa chumba cha mtu mmoja, kumbe nje kuna ukoo mzima. Ukoo unaingia, chumba kinajaa, unamwagikia chumba cha pili, na chumba hicho ndimo zinamokaa amri za mashine. Aliyefika humo yeye ndiye mwenye nyumba. Yeyote duniani angeweza kuficha amri ndani ya picha ya tunda, ya harusi, ya mtoto anayeoga, na Nakshi ingezitekeleza. Na Nakshi ilikuwa na ufunguo wa Daftari.

Aliyeituma hajajulikana hata leo. Wakulima wa nanasi waliapa kwamba chama chao hakina kompyuta.

Mkurugenzi wa idara aliitwa Bwana Songambele. Ofisi yake haikuwa na dirisha, kwa kuwa picha ya Mtukufu Rais ilikuwa kubwa kuliko ukuta uliobaki.

"Mkurugenzi," alisema Sikudhani, bado anahema kwa ngazi, "Nakshi ina tundu."

"Tundu la ukubwa gani?"

"Halipimwi kwa ukubwa, Mkurugenzi. Ni kosa ndani ya programu. Mtu anaweza kupenya humo akafika kwenye Daftari. Ameshafika."

"Programu iliyozinduliwa na Mtukufu?"

"Hiyo hiyo."

Songambele akaitazama picha ukutani kama anayeomba radhi kwa niaba ya mgeni. "Mama Sikudhani, wewe ni mtumishi wa muda mrefu. Sema ina *upenyo wa fursa*."

"Sawa. Ina upenyo wa fursa, na watu mia nne wamegeuka nanasi."

"Nitumie hiyo picha nione."

"La! Mkurugenzi, tafadhali. Usiifungue. Ukiifungua tu—"

"Nitalitolea uamuzi jambo nisiloliona?" Akanyoosha mkono akachukua kijiti cha kuhifadhia picha kutoka mkononi mwa Sikudhani, akakichomeka, akaifungua picha. Mashine yake, iliyokuwa mpya na yenye nguvu kuliko zote ghorofa ile, ikahema kwa sekunde tano tu. "Nanasi zuri," alisema. "Sioni tatizo."

Raia elfu tisa.

Sikudhani aliomba kikao cha dharura, nacho kikaitwa siku iliyofuata, na hilo lilikuwa kosa lililomsumbua kuliko mengine yote. Wajumbe kumi na tisa walikaa kuizunguka meza, kila mmoja na kompyuta yake. Alisimama mbele yao, akawaeleza habari za mgeni na chumba, akapiga magoti. Nasema akapiga magoti, si kwa mfano. Sketi yake ilishika vumbi la zulia.

"Nawasihi wakubwa zangu. Msiifungue. Zimeni mashine zote za Nakshi leo hii, nakala ya Daftari ya Jumamosi ninayo, nitairudisha kwa saa mbili."

Mwenyekiti akamshukuru kwa uchungu wake wa nchi. Kisha akasema kwamba kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne, kikao hakiwezi kujadili waraka ambao wajumbe hawajausoma, na waraka wenyewe ni picha.

Wakaifungua wote kumi na tisa kwa pamoja. Mmoja, ambaye mashine yake ilikuwa nzito, aliifungua mara tatu.

*

Jumatano Mbaruku alifika hospitalini saa mbili asubuhi, Sikudhani akiwa amemshika kiwiko. Kwenye benchi la wagonjwa wa figo alikuwa amekwisha kukaa Bi Fortunata, mama mmoja mnene mwuza vitumbua ambaye kwa miaka miwili kiti chake cha matibabu kilikuwa kinapakana na cha Mbaruku. Wote wawili waliulizana hali kama kawaida yao.

"Shikamoo, Bi Fortunata. Umeamkaje?"

"Marahaba, Mwalimu. Nimeamka, lakini naambiwa sijaamka." Akaonyesha dirisha la karani kwa kidevu. "Wamenitazama, wakatazama mashine yao, wakaniambia nisogee pembeni niwapishe watu."

Karani alikuwa dada wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimtazama Mbaruku, akamtazama Sikudhani, akatazama kioo, na machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu, mimi nakujua. Umenifundishia wanangu. Lakini hapa naona nanasi."

"Basi unganisha nanasi," alisema Mbaruku. "Nitakaa kwa niaba yake."

"Haiwezekani, baba. Mwezi uliopita mwenzangu alimpokea mzee mmoja aliyenyoa ndevu, hakufanana na picha. Mwenzangu huyo sasa hivi yuko nyumbani, na yeye mwenyewe hawamtambui popote." Akashusha sauti. "Wakilileta nanasi lenyewe hapa, nitalazimika kulilaza kitandani. Mimi nina watoto, Mwalimu. Nisamehe."

Sikudhani alitoa kitambulisho chake cha wizara, akatoa cheti cha ndoa, akatoa vitabu vya matibabu vya miaka mitatu. Karani alivipokea vyote kimoja kimoja kwa heshima na kuvirudisha kimoja kimoja kwa heshima. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu hadi nje ya lango, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Watu waliokuwa hawana sura walikuwa wakijishika mashavu taratibu, kama waliotoka kunyolewa.

Mashine kumi na mbili za kusafisha damu zilikaa siku hiyo nzima na viti vitupu. Mpiga picha wa wizara alipita, akafurahi, akapiga picha wodi ile isiyo na foleni, safari hii bila kuhitaji Nakshi.

*

Alhamisi Mheshimiwa Waziri Pazia akajitokeza mwenyewe, kwa kuwa idadi ya mananasi ilikuwa imefika laki mbili na themanini elfu, na miongoni mwao alikuwemo dereva wake. Waziri alikuwa na jino moja la dhahabu na sauti ya kujaza uwanja. Sikudhani aliitwa mbele ya waandishi aonyeshe tundu lilipo. Akaonyesha kwenye kioo mstari mmoja wa programu, mahali ambapo Nakshi ilipaswa kuuliza mara ya pili na haikuuliza.

"Ni hapo?"

"Ni hapo, Mheshimiwa. Mafundi wakiandika maneno machache tu, itakuwa inapima badala ya kuamini."

Waziri akaashiria. Mpiga picha akaupiga picha ule mstari. Picha ikafunguliwa kwa Nakshi, brashi ikapita juu yake mara mbili, mstari ukafutika, pakabaki peupe. Waandishi wakapiga makofi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Waziri. "Lilikuwepo tundu ambalo halikuwepo, na sasa halipo kama lisivyokuwepo mwanzo! Yako mataifa makubwa ambayo yangechukua miezi kuziba tundu kama hili. Sisi tumeliziba mbele ya macho yenu, kwa vifaa vyetu, kwa vijana wetu, kwa brashi yetu! Raia ambaye kwa sasa sura yake ni nanasi namwomba atulie, ajiheshimu, asijimenye. Atajaza Fomu ya Kufanana, ataleta mashahidi wawili wenye sura, na atajibiwa ndani ya siku tisini."

Sikudhani hakungoja aambiwe aseme. "Mheshimiwa, mgonjwa wa figo hana siku tisini. Hana hata tisa. Nakala ya Jumamosi ninayo, nipe ruhusa ya ufunguo wako, kabla jua halijatua kila mtu atakuwa na uso wake."

Waziri alimtazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba. Ni Songambele aliyemvuta pembeni.

"Mama, huelewi. Kurudisha ni kukiri kwamba kilipotea. Mheshimiwa amekwisha kusema hakijapotea kitu."

"Mume wangu atakufa, Mkurugenzi."

"Pole sana. Hilo peleka Wizara ya Afya."

Alikwenda Wizara ya Afya. Mlinzi wa mlangoni alikuwa nanasi, na hakuruhusiwa kuwa kazini, kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa.

*

Ijumaa ikapita bila mashine. Jumamosi Mbaruku aliamka uso umevimba, vifundo vya miguu vimejaa, na alipoongea ilimbidi akate sentensi katikati avute pumzi. Sikudhani alimwegemeza kwenye mito, akampimia maji kwa kijiko, akajifungia chumbani na kompyuta yake kuukuu. Maji yalikuwa yamezidi unga. Kama mlango wa mbele umefungwa na wenye mlango, alijiambia, ataingia walikoingilia wezi.

Alikuwa analijua tundu lile kuliko mtu yeyote nchini, labda kumshinda aliyelitumia. Alitengeneza picha yake mwenyewe, yenye kudanganya upana wake, na ndani yake akaficha amri: nenda kwenye nakala ya Jumamosi iliyopita, chukua sura, irudishe mahali pake. Nakala hiyo, yenye picha za asili ambazo Nakshi haikuzigusa, ilikuwa kazi yake kuihifadhi kila wiki; ilikuwa tayari kwenye mashine kuu ya wizara. Kilichobaki ni picha hiyo ifunguliwe na mtu mwenye ufunguo mkuu wa kufungulia nakala, na mwenye ufunguo huo alikuwa Waziri peke yake. Waziri hakuwa akifungua picha za watu. Lakini kulikuwa na picha moja ambayo hakumwamini fundi yeyote kuigusa, nayo ni ya shingo yake.

Sikudhani alikuwa nayo. Ile ya Alhamisi, mbele ya waandishi, Waziri ameinamia brashi na kidevu kimekunjika mara tatu.

Alitoka chumbani adhuhuri, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza mumewe kila kitu.

"Wakikukamata?" aliuliza Mbaruku.

"Utakuwa hai. Utakuja kunitazama."

Mbaruku alifumba macho, akapumua mara mbili tatu. Alikuwa bado mwalimu. "Umeandika majina mangapi humo ndani?"

Sikudhani akamrekebishia mto.

"Siku, nakuuliza. Mangapi?"

"Moja. La kwako. Jina moja ni jepesi, linapita haraka, hakuna atakayegundua. Laki mbili na themanini elfu ni mzigo, itanibidi niandike upya kila kitu, nijaribu, nirudie. Mpaka kesho mchana. Nawe nakutazama unavyohema, Mbaruku. Nakutazama."

"Na Bi Fortunata?"

"Usinifanyie hivyo."

"Benchi lile lina watu saba, Siku. Nawajua watoto wao." Akavuta pumzi tena. "Mimi nitafika kesho mchana. Nenda kaandike."

Alilia kwanza, kwa hasira, akiwa amemgeuzia mgongo. Kisha akaenda akaandika.

Nisiwafiche: hesabu ya Mbaruku juu yake mwenyewe ilikuwa sahihi, lakini ya jirani yake ilikosea. Bi Fortunata alifariki Jumapili saa tano asubuhi, nyumbani kwake, kwenye kiti, amevaa nguo za kwenda hospitalini. Mwanawe wa kike alimpigia simu Sikudhani kuuliza kama kuna namna ya kupata kibali cha kuzika, maana karani wa makaburi alikuwa amemwambia kwamba mananasi hayazikwi, hutupwa. Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa bado juu ya kibodi. Alimwambia, "Subiri kidogo, mwanangu. Subiri mpaka jioni." Alipokata simu aliurudisha na mkono wa pili juu ya kibodi.

Saa tisa alasiri aliituma ile picha kwa Waziri, na chini yake maneno haya: *Mheshimiwa, gazeti linaomba idhini ya kuitoa ukurasa wa kwanza kesho.*

Wanasema Waziri alikuwa mezani, na kwamba aliacha ubwabwa ukipoa. Saa tisa na dakika ishirini aliifungua kwa Nakshi ili akishughulikie kidevu. Mashine yake ikahema. Waziri, asiyejua kuhema kwa mashine, alidhani ni ugumu wa kidevu, akaendelea kupiga brashi. Na huku akipiga brashi, Kata ya Mikoroshini ilirudi, mtoto wa miezi minne akarudi, dereva akarudi, mlinzi wa mlango akarudi, sura juu ya sura, wamenuna kama walivyozaliwa, kwa sababu katika zile amri Sikudhani hakutia kunyanyua pembe za midomo.

Jumatatu saa mbili asubuhi Mbaruku aliunganishwa. Ilibidi abebwe. Karani alipomwona kwenye kioo na kwenye machela, mara mbili, mtu yule yule, alitoka nje ya dirisha lake akaja kumshika mkono. Viti kumi na viwili vilikaliwa sita. Sikudhani alisimama mlangoni akavihesabu vilivyo wazi, akavihesabu tena, ingawa alijua kwa nini.

*

Walimjia Jumanne, wala haikuwachukua muda kumjua. "Ni wewe peke yako katika nchi nzima unayelijua hilo tundu," alieleza Songambele kwenye Baraza la Nidhamu, "kwa hiyo ni wewe uliyelipitia."

Mwenyekiti wa Baraza, jaji mstaafu mwenye usikivu mdogo, akauliza shitaka ni nini.

"Kupita kwenye tundu la Nakshi, Mheshimiwa Jaji."

"Na tundu hilo lipo?"

Songambele akatazama huku na huku. "Halipo. Lilizibwa Alhamisi. Mheshimiwa Waziri aliliziba hadharani."

"Yeye akalipita lini?"

"Jumapili."

"Alipitaje Jumapili kwenye tundu lililozibwa Alhamisi?"

Mtu mmoja akakohoa. Jaji alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba kama tundu lipo, basi Waziri amesema uongo na yeye Jaji hana mamlaka ya kusikia jambo hilo. Na kama halipo, mama huyu hakupita popote na aende nyumbani.

Kikao kikavunjwa kwa chai. Walipokunywa chai ikapatikana hekima. Sikudhani hangefungwa. Angeachishwa kazi kimyakimya, na matibabu ya mumewe yangeendelea kwa huruma ya wizara, ilimradi atie saini taarifa ya aya moja itakayotoka gazetini ikiwa na mwandiko wake chini, ili wananchi watulie. Songambele akamsukumia karatasi.

Ilisema: *Mimi, fundi wa picha, nathibitisha kwamba hakuna raia aliyepoteza sura yake wakati wowote, na hakuna aliyekosa huduma yoyote kwa sababu hiyo.* Chini palikuwa na nafasi pana ya saini.

"Tia hapo, mama. Mwalimu ana mashine kesho, au sivyo?"

Sikudhani alishika kalamu. Alimfikiria Mbaruku, vifundo vyake vilivyokuwa vimeanza kunywea. Alijua wanachomwambia, na alijua kwamba wanaweza. Kisha akainama, akaandika taratibu kwa mwandiko wa shule: *Fortunata Ng'ambi, Jumapili. Zuberi Makame, Jumamosi. Eliya Sanga, Ijumaa.* Nafasi ilikuwa pana, ikatosha wote sita wa benchi lile ambao hawakufika Jumatatu. Jina lake mwenyewe hakuliandika, halikuwa na pa kukaa.

Songambele alikuwa akizungumza kwenye simu. Aliitupia karatasi jicho kutoka mbali. "Nafasi imejaa?"

"Imejaa," alisema Sikudhani.

"Vizuri." Akagonga mhuri.

Katika nchi ile karatasi yenye mhuri haisomwi tena, kwa kuwa kuisoma ni kuutilia shaka mhuri. Na kwa vile wiki hiyo Nakshi ilikuwa imezimwa kupisha sherehe za kupongeza usalama wake, taarifa ilipigwa picha na kupelekwa gazetini kama ilivyo. Ikatoka Jumatano, ukurasa wa kwanza, mwandiko umekuzwa usomeke vizuri.

Asubuhi hiyo Mbaruku alikwenda hospitalini akiegemea fimbo, akakataa kusindikizwa. "Wakiniunganisha, wameniunganisha," alisema. "Wewe baki hapa, wakija wakukute umekaa na heshima zako." Sikudhani alivaa kanga safi, akafunga mzigo mdogo wa nguo, akakaa sebuleni kungoja gari la serikali. Saa tatu mlango uligongwa. Aliinuka, akachukua mzigo wake, akafungua.

Hakuwa askari. Alikuwa mwanamume mmoja wa shamba, viatu vimejaa udongo mwekundu, gazeti limekunjwa kwapani. Mkononi alishika picha ndogo ya msichana wa sare ya shule, picha ya zamani iliyopigwa kabla ya Nakshi, msichana amekunja uso kwa jua.

"Samahani, mama," alisema. "Ni hapa mnapoandika?"

Sikudhani hakuelewa kwanza. Kisha akatazama nyuma ya bega lake. Kwenye njia ya vumbi, hadi kwenye kona ya duka la mkaa, watu walikuwa wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, kimya, na kila mmoja ameshika picha kifuani.

Akauweka mzigo chini.

"Ni hapa, baba," alisema. "Karibu ukae. Niambie jina lake, nikatafute karatasi."